TAHADHARI: huyu fundi wa kibodi za sintesaiza za zamani, msimpe vyombo vyenu

Wadau, nimekaa kimya wiki mbili kwa aibu ila leo nasema. Ile Juno-106 yangu, sintesaiza ya Roland (kinanda cha umeme), mnaijua, nilivyoipata sirudii. Vibonye vya katikati vilishachoka, C na D mpaka uvikandamize ndo vilie, vingine vinalia vikijisikia. Dogo alinikanya nisimpe mtu nisiyemjua, sikumsikia.

Huyu fundi hakuja na maneno ya kitapeli, alikuja na maneno ya ufundi, na hapo ndo aliponipata. Aliniambia chini ya vibonye vya 106 kuna raba zenye vidoti vyeusi vya kaboni, ukibonyeza kidoti kinagusa bodi na noti inalia, sasa vumbi likiingia na miaka ikipita vinaacha kushika, na nisije nikathubutu kupitisha msasa pale maana nitaiua bodi. Ni kweli tupu! Akanipigia stori za sintesaiza nyingine za zamani, Minimoog na Prophet-5 za mwanzo, zile zenye kibodi za kampuni ya Pratt-Read, jinsi vibushi vya mpira vinavyokauka mpaka kibonye kinaanza kugonga kak kak kak. Nikasema huyu ni mwenzetu. Mtu anayejua vitu hivyo utaanzaje kumshuku? Makubaliano yakawa anaweka raba mpya seti nzima, nusu ya hela mwanzo, nusu nikishaona video.

Video ikaja usiku nimeshalala. Nikaamka nikakaa kitandani gizani na simu. Naiona Juno yangu kabisa, ule mkwaruzo pale juu ya benda, ile wenzo ya kupindisha sauti, naujua kama kovu la mguuni kwangu. Anaanza kibonye cha chini kabisa anapanda kimoja kimoja mpaka cha mwisho, vyote 61, vyote vinalia, hakuna hata kimoja kilichokwama. Alafu akapiga kodi, yani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, taratibu ikaingia kwa chini chini, akairudia kwa nguvu ikapanda ikajaa chumba kizima. Chozi lilinitoka, siwafichi. Nikatuma ile nusu iliyobaki saa ile ile ya usiku, hata kukuche sikusubiri, na shukrani juu.

Ikafika. Nawasha, vibonye vinne havitoi kitu kabisa. Wiki haijaisha vimekufa saba vingine. Nampigia ananiambia imetikiswa njiani, nampigia tena hapokei mpaka leo. Nikachukua bisibisi nikaifungua mwenyewe. Raba ni zile zile za zamani, mbili zimechanika zikagandishwa na supaglu, na vidoti vimepakwa PENSELI. Nimegusa kidole kikatoka cheusi. Bodi hata spiriti haijaonja, vumbi la miaka yote liko pale pale limelala.

Nikairudia ile video, nikaiangalia labda mara ishirini, na ile kodi ndo ikanimaliza. Yani 106 haijui kama umebonyeza taratibu au kwa nguvu!! Ni mashine ya 1984, MIDI (ile njia ya kuunganisha vyombo vya muziki) inayo, ila kibodi yake hiyo hisia haina, uiguse au uipige ngumi sauti ni ile ile. Kwahiyo niliyosikia ni kinanda kingine kabisa, sauti imebandikwa juu ya picha ya Juno yangu, na mimi niliyeipiga hii mashine miaka yote nililia machozi bila kulisikia hilo. Hiyo inaniuma kuliko hela.

Huyu mtu anatakiwa ashtakiwe, arudishe kila alichokula, na asiguse tena chombo cha mtu maisha yake yote. Siyo fundi mbovu, fundi mbovu namsamehe. Huyu kazi anaijua na akachagua kupaka penseli, wa hivyo ni wa kuwekwa ndani, tena siyo siku mbili tatu.

Mtamjuaje, hataki uende ukaone anavyofungua, na video ikishatumwa anadai hela hapo hapo. Mwambieni awarudishie raba za zamani kwenye mfuko, kama kabadilisha kweli si anazo? Mimi nilipoziomba akasema katupa, na nikakubali.

Leo asubuhi kaweka picha ya Polysix, sintesaiza ya Korg, iko mezani kwake, imeshafunguliwa, vibonye vimetolewa. Sijui ni ya nani. Kama ni yako kaichukue leo hii, na raba zake zote uzihesabu kabla hujatoka mlangoni.