TAHADHARI: "Kifurushi cha produsa" kinachouzwa WhatsApp na Telegram

Wakuu, mnaoanza kutengeneza biti kaeni macho. Kuna matangazo yanazunguka WhatsApp, Telegram na Instagram: "Programu kamili ya biti, sauti 5,000, plagini zote, unalipia mara moja tu." (Plagini ni programu ndogo za kuongeza ala na efekti.) Ukishatuma hela unapewa linki ya faili la RAR (faili lililobanwa, kama zip) lililofungwa kwa nywila. Iwe ulilipa elfu kumi au elfu hamsini, ndani yake mara nyingi ni programu ya bure iliyobadilishwa jina, au FL Studio (programu ya kulipia) ya kukreki, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni.

Tuanze na ya bure. Mfano ni LMMS, ambayo ipo lmms.io kwa Windows, Mac na Linux, bila malipo. Leseni yake ya GPL (ya programu huria) inaruhusu kuigawa na hata kuiuza, kwa hiyo kosa la muuzaji si kuuza. Kosa ni kukuficha kwamba ni ya bure na kukupa kisakinishi ambacho hujui nani amekichezea. Hata kama ikoni imebadilishwa, hifadhi mradi mmoja uangalie mwisho wa jina la faili. Ukiona .mmpz, umeuziwa LMMS. Faili la FL Studio huishia .flp.

Pesa nyingi huliwa baada ya hapo. LMMS ya toleo la 1.2 hairekodi sauti kutoka kwenye maiki. Muuzaji analijua hilo vizuri, anasubiri ulalamike, kisha anakuuzia "plagini ya kurekodi". Hakuna plagini ya namna hiyo. Toa biti yako kama WAV (faili la sauti), iingize kwenye Audacity (programu ya kurekodi, nayo bure), vaa hedifoni ili biti isivujie kwenye maiki, rekodi sauti juu yake. Mwenye simu tu atumie BandLab, inapiga biti na kurekodi humo humo.

Zile "plagini 300" nazo zina mtego. Nyingi siku hizi ni VST3 (muundo mpya wa plagini), na LMMS 1.2 inafungua VST za zamani tu, zile zenye faili la .dll. Zikigoma unaambiwa kompyuta yako ina tatizo, lipia tena ili fundi aingie kwa AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali) akusakinishie. Usikubali hata kidogo. Ukimpa ruhusa hiyo anaendesha mashine yako huku barua pepe yako imefunguka kwenye kivinjari.

Wapo pia wanaodai toleo la bure halifiki kasi ya singeli. Singeli huchezea BPM (mapigo kwa dakika) 200 hadi 300, na LMMS inapanda mpaka 999. Labda kama unataka kumpigia nyuki.

Kuhusu FL Studio: Image-Line wa Ubelgiji, wanaoitengeneza, wanatoa toleo la majaribio lisilo na kikomo cha siku, na linatoa WAV na MP3. Kizuizi chake kikubwa ni kwamba mradi uliohifadhi huwezi kuufungua tena na kuendelea nao mpaka ununue. Kwa hiyo kabla ya kufunga, toa kila ala peke yake kama WAV: kiki yake, besi yake, kinanda chake. Kesho unaziingiza kwenye mradi mpya, zote zikianzia sekunde ya sifuri na tempo ile ile, la sivyo zitapishana. Na anayekudai hela ya "kuapdeti" anakudanganya, maana ukinunua kwao matoleo yote yanayofuata ni bure.

Ya kukreki ndiyo hatari zaidi. Nywila ya RAR imewekwa ili antivairasi isione kilichomo, na maelekezo huanza na "zima antivairasi kwanza". Kinachoingia mara nyingi ni kirusi kinachokomba nywila na vidakuzi vya kivinjari (faili zinazokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti). Kwa vidakuzi hivyo mwizi anaingia kwenye Gmail na chaneli yako ya YouTube bila kuulizwa nywila.

Kama umeshaisakinisha, kata intaneti kwenye kompyuta. Chukua simu, badilisha nywila, kisha toka kwenye vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti yako ya Google. Kubadilisha nywila kwenye kompyuta ile ile yenye kirusi ni kumpa mwizi nywila mpya. Nakili sauti zako za WAV tu, halafu sakinisha Windows upya.

Zile sauti 5,000 usiziweke kwenye wimbo wa kuuza kama huna leseni yake kwa maandishi. Lupu (kipande cha muziki kinachojirudia) ya wizi inaweza kukuletea dai la Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi za watu, na mapato yakaenda kwa mwingine. Kwenye Freesound (tovuti ya sauti za bure) chagua zenye alama ya CC0, yaani huru kwa matumizi yoyote. Zenye NC haziruhusiwi kwenye biti ya biashara.

Uliyetapeliwa, piga picha mazungumzo yote kabla hujamwambia lolote, maana akishtuka atafuta na kukublock. Tanzania ripoti namba yake kwenda 15040, na piga 100 kwa mtandao wako uombe muamala uzuiwe. Kenya sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456. Fanya hivyo ndani ya dakika, si kesho, kwa sababu akishaitoa hela kwa wakala hakuna cha kurudisha.