Kataliti yangu imepona: karakana ya ekzosi Changamwe

Gari langu ni Toyota Fielder iliyoshuka bandari ya Kilindini, Mombasa, kutoka Japani na ekzosi yake ya kiwandani. Taa ya injini ikawaka, mashine ikasoma kodi ya hitilafu P0420: kompyuta ya gari inaona kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, haifanyi kazi inavyotakiwa. Fundi wa kwanza hata hakuingia chini ya gari. Alitaka kuikata kataliti palepale, achomelee bomba tupu, na ile iliyotolewa ainunue yeye. "Gari litapumua," akaniambia. Nikakataa, nikaenda kwa mafundi wa ekzosi huku Changamwe.

Hawa walitaka injini ipoe kwanza. Mkubwa wao akasema, "Ami, kodi haijasema kataliti imekufa. Sensa ya nyuma, ile ya kupima oksijeni baada ya kataliti, imeona jambo, na sisi tulitafute." Kijana wake akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito kilicholowa, injini inanguruma taratibu, naye akajilaza chini na tochi. Nikachutama nione. Pale mabomba yanapoungana kwa bolti, karibu kabisa na sensa ya nyuma, palikuwa na masizi meusi, na moshi ukitoka kwa vipande: tss, tss, tss. Gasketi ya kuziba kiungo hicho imeliwa, na kutu imetafuna flenji, ule ukingo wa bomba unaofungwa bolti. Moshi unapotoka kwa mapigo, katikati ya pigo na pigo tundu kama hilo huvuta hewa ya nje, kwa hiyo sensa ilikuwa ikipima oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini.

Kwa anayeanza kujifunza: moshi hutoka kwenye injini ukapita sensa ya mbele, kisha kataliti, kisha sensa ya nyuma, mwisho sailensa ya kupunguza kelele. Ndani ya kataliti mna kauri yenye vitundu vingi vyembamba kama sega la nyuki, na kuta zake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kaboni monoksaidi, petroli ambayo haikuungua na oksaidi za nitrojeni zikigusa kuta hizo zikiwa moto, kuanzia nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi hivi, hugeuka kaboni dayoksaidi, mvuke wa maji na nitrojeni. Madini yenyewe hayatumiki yakaisha kwa kazi hiyo. Ni ya thamani kubwa, na ndiyo maana wapo wanaokuja mbio kukuondolea "mzigo".

Kinachoiua kataliti mara nyingi huanzia kwingine: plagi au koili mbovu inayoachia petroli mbichi iende kuungulia humo mpaka kauri iyeyuke, au injini inayokula oili. Zamani kulikuwa na risasi kwenye petroli, inayofunika madini hayo yasifanye kazi, lakini Kenya iliachana nayo kufikia 2006.

Walibadilisha gasketi, wakakata flenji iliyoliwa na kuchomelea nyingine. Gari lilipopata moto wakanionyesha kwenye mashine: mstari wa sensa ya mbele unapanda na kushuka, wa nyuma umetulia. Hiyo ni dalili kwamba kataliti inafanya kazi. Kodi ikafutwa, na taa haijarudi.

Lawama ninazo. Kiungo walichochomelea walikiacha bila rangi ya kuhimili joto, na kwa hewa hii ya chumvi kutu haichelewi. Ilibidi niwaombe wapake. Risiti nayo ilikuwa na jumla tu, bila kutenganisha vifaa na kazi. Na utasubiri sana.

Hata hivyo nawapendekeza kwa moyo wote, kwa sababu walipima kabla ya kukata. Foleni ya feri ya Likoni mchana, magari yamebanana, vioo vimeshushwa kwa joto, watoto viti vya nyuma: kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na gari lililotolewa kataliti linawamwagia walio nyuma yake. Sikubali gari langu liwe hilo.

Ukienda, fika asubuhi na mapema, usubiri hapo gari lipoe kabla halijapimwa. Chuma kikipata moto hutanuka na tundu dogo hujiziba, usisikie kitu.