Book Off na CD za yeni 110: pa kuchimba pop ya Kijapani yenye vituko

Albamu mpya Japani huuzwa yeni 3,000 hivi, na duka haliruhusiwi kuishusha bei iliyopangwa na kampuni ya rekodi. Mtumba hauguswi na utaratibu huo. Ndiyo maana kwenye rafu za chini za Book Off, maduka ya mitumba yaliyoanzia Sagamihara mwaka 1990, albamu ya aina hiyo unaweza kuikuta kwa yeni 110: mia ya bei, kumi ya kodi.

Bei hiyo ya kutupa haina maana kwamba muziki ni mbovu. Soko la CD la Japani lilifika kileleni mwishoni mwa miaka ya 1990, na kilichouzwa sana enzi hizo ndicho kilichojaa mitumbani leo. Puffy, wasichana wawili walioibuka mwaka 1996 chini ya mtayarishaji Okuda Tamio, hawakosekani. "JET CD" (1998) ina magitaa ya miaka ya sitini na sauti mbili zinazoimba bila kujikakamua hata kidogo. Kwa bei hiyo usiiache. Pizzicato Five ni kundi la vituko zaidi. Anza na "Bossa Nova 2001" ya mwaka 1993, iliyotayarishwa na Oyamada Keigo, yaani Cornelius. Ukiikuta kwa yeni 330 bado umenunua chee.

Rafu hupangwa kwa silabi za Kijapani: a, ka, sa, ta, na, ha, ma, ya, ra, wa. P na B huingia kwenye safu ya H, kwa hiyo Puffy, Pizzicato Five na Halcali, wasichana wawili wa rap, wote wako safu ya ハ (ha). Mwenye dakika kumi tu asimame hapo. Cornelius na kundi la Capsule wako safu ya カ (ka).

Kava isipokwambia kitu, soma maandishi madogo. 小西康陽 ni Konishi Yasuharu wa Pizzicato Five, na 中田ヤスタカ ni Nakata wa Capsule, aliyewatengenezea wasichana wa kundi la Perfume sauti yao. Jina lolote kati ya hayo linatosha kuhatarisha yeni 110. Tarehe ya kutolewa mara nyingi imechapishwa nyuma kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Kati ya 93 na 03 ndiko kwenye utamu.

Kasoro ziko tatu za kuchunga. Kwanza, CD zilizotoka maduka ya kukodisha: zina stika iliyogandishwa juu ya CD yenyewe, na ule ukanda wa karatasi wa pembeni, obi, haupo. Zinacheza, ila mkusanyaji hazitaki. Pili, mikwaruzo. Watu hukagua upande unaong'aa, kumbe upande wa maandishi ndio hatari zaidi, maana utando wa alumini uko chini yake tu na ukichubuka hakuna wa kuurudisha. Inyanyue kwenye taa. Ukiona vitundu vya mwanga, irudishe. Tatu, nembo ya "Copy Control CD", hasa kwa matoleo ya 2002 hadi 2004. Hizo zilivurugwa makusudi zisinakiliwe kwenye kompyuta, na baadhi ya redio za gari huzikataa.

Matawi ya katikati ya Tokyo, kama la Akihabara, yana mzigo mkubwa lakini hupekuliwa kutwa. Ya vitongojini, yenye maegesho mbele, hupekuliwa kidogo na ndiko nakala nzuri hukaa muda mrefu.

Usipite singo za sentimita 8, zile za kifuko kirefu cha karatasi zilizoanza mwaka 1988. Kwa kawaida zina nyimbo mbili, na mara nyingi nyimbo hizo hizo tena bila sauti ya mwimbaji. Zichezee kwenye mashine ya trei yenye duara dogo katikati. Ile ya kumeza CD kwa tundu, ya gari au ya kompyuta, inaweza kuimeza na isiitoe mpaka ifunguliwe kwa bisibisi.