Montpelier kwa rais Madison: ukifika shuka chini kwanza

Basi juzi tumeenda Montpelier, nyumba ya James Madison, rais wa 4 wa Marekani, yule wanayemwita baba wa katiba. Iko Orange kule Virginia, kama masaa mawili kwa gari kutoka Washington kama hamna foleni, na foleni ipo, mjue. Naandika hii kwa sababu sisi Waswahili wa huku mgeni akija tunampeleka Ikulu, anapiga selfi kwenye geti, tunarudi nyumbani kula pilau, tumemaliza utalii. Nilikuwa na wanangu wawili na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Dar, na shemeji ndo hakutaka kabisa, "nyumba ya mzungu aliyekufa zamani ina nini, si bora unipeleke autileti nikanunue viatu". Nikamwambia viatu tutapitia wakati wa kurudi.

Nyota nawapa nne na nusu kwa tano. Sababu mtaiona.

Nyumba yenyewe ni jumba la matofali lenye nguzo nne kubwa mbele, ukisimama barazani unaangalia milima ya Blue Ridge, pazuri mpaka unakasirika. Ila msidhani ilikuwa hivi siku zote. Mjane wa Madison, Dolley, aliuza hapa mwaka 1844 kwa sababu ya madeni, ikapita mikono mingi mpaka 1901 ikanunuliwa na akina du Pont, matajiri kweli kweli, wakaongeza vyumba mpaka vikafika 55, na kuta zilikuwa zimepigwa plasta. Mtoto wao Marion alikuwa mtu wa farasi, mmoja alishinda ile mbio kubwa ya Uingereza 1938, na mbio za farasi zimefanyika hapo Novemba kwa miaka mingi. Yeye alipofariki shirika la taifa la kuhifadhi majengo ya kale likaichukua 1984, halafu kuanzia 2003 mpaka 2008 wakabomoa vyote vilivyoongezwa, vikabaki vyumba 22 kama enzi za Madison, kazi ya dola kama milioni 25. Unaweza kubishana kama ni sawa kufuta miaka mia ya historia ya wengine ili uirudishe ya mmoja, mimi binafsi sijaamua.

Juu nilipita haraka. Meza ya chakula, vitanda, maktaba alikosoma vitabu vya tawala za kale kabla ya kwenda Philadelphia 1787 kuandika katiba, sawa, tumeona.

Kazi iko chini, kwenye besimenti. Kule tangu 2017 wameweka maonyesho ya watu waliokuwa watumwa hapo, na jina la maonyesho wamelitoa kwenye maneno ya Madison mwenyewe ya mwaka ule ule wa 1787, pale aliposema kwamba tofauti ya rangi tu, basi, imefanywa kisingizio cha ukandamizaji mkubwa kuliko wote mtu aliowahi kumfanyia mtu. Umeelewa hapo? Alijua. Sio kwamba zama zile watu walikuwa hawajui, jamaa alisimama kwenye mkutano akasema, halafu akarudi nyumbani akamiminiwa chai na mtumwa, na alipokufa 1836 hakumwacha huru hata mmoja. Watu kama 300 waliishi utumwani pale kwa vizazi vitatu vya akina Madison, na majina yanayojulikana wameyaandika ukutani. Mengi ni jina moja tu, hakuna la baba wala la ukoo.

Kuna habari ya Billey ambayo mimi mpaka leo inanizunguka. Huyu Madison alikwenda naye Philadelphia, wakakaa huko miaka, na ilipofika 1783 muda wa kurudi Virginia Madison akamwandikia baba yake kwamba huyu simrudishi, ameshaambukizwa, atawaharibu wenzake. Ameambukizwa nini? Kutaka uhuru! Na kwenye barua hiyo hiyo anakiri kwamba ni vigumu kumwadhibu mtu kwa kutamani kitu kile kile ambacho wao wametoka kukimwagia damu. Akamuuza huko huko Philadelphia, ila kwa sheria za kule ikawa ni kibarua cha miaka saba halafu aachiwe. Wanasema ni ubinadamu. Mimi nasema ni mtu anayejua hesabu zote mbili na bado anachagua ile inayomlipa.

Mwingine ni Paul Jennings, alizaliwa hapo 1799, akapelekwa Ikulu akiwa mtoto wa miaka kama 10, na Madison alipozeeka yeye ndiye aliyekuwa akimnyoa kila siku ya pili kwa miaka 16. Wembe shingoni mwa bwana wake miaka 16. Baada ya hapo Dolley alikuwa ameandika kwenye wosia atamwachia huru, lakini njaa ikauma akamuuza, mpaka 1847 seneta Daniel Webster akamnunulia uhuru kwa dola 120 na Jennings akawa anamlipa kwa kumfanyia kazi, dola 8 kwa mwezi. Kumbukumbu zake za Ikulu zilichapwa 1865, za kwanza kuandikwa na mtu aliyeishi ndani ya nyumba ile.

Kitu kilichowashika watoto lakini ni tofali. Matofali ya nyumba nzima yalifyatuliwa na watumwa, na kwenye kufyatua watoto walikuwa wanatumika, sasa tofali likiwa bado bichi mtoto amelishika, likachomwa, vidole vikabaki mpaka leo. Binti yangu ana miaka saba. Alinyoosha kidole chake hewani mbele ya ile alama akapima, akasema baba ni wa saizi yangu. Nikajifanya nasoma bango.

Pia kuna sehemu inayoonyesha kwamba biashara hii haikuwa ya watu wa kusini peke yao, pamba ya watumwa ilikuwa inapanda kaskazini kwenye viwanda vya nguo. Hapo ndo nikamvuta shemeji mkono. Bibi zetu pwani walikuwa wanaitaje ile nguo nyeupe nzito? Merikani. Meli za Salem zilikuwa zinaileta Unguja, Marekani ilikuwa na balozi wake mdogo pale tangu 1837, na merikani ndiyo ilikuwa pesa ya kwenda bara kununulia pembe na watu. Yaani pamba inalimwa na mtumwa huku, inafumwa kaskazini, inavuka bahari mbili, inakwenda kumnunua mtumwa mwingine Tabora. Hii haiko ukutani pale, hii nimeongeza mimi.

Halafu neno. Dada aliyetutembeza hasemi mtumwa kwa kiingereza kama zamani, anasema watu waliotiwa utumwani, akaeleza kwamba lile neno la zamani linamfanya mtu aonekane kama alizaliwa kitu, linamficha aliyemtia. Shemeji akaninong'oneza, "sisi letu limo humo humo, m-tumwa, katumwa, sasa nani kamtuma?" Kweli bwana. Nimeongea kiswahili maisha yangu yote sijawahi kuliona hilo.

Nje, pembeni kabisa ya jumba, wamejenga upya makazi ya watumwa wa nyumbani, na jiko na nyumba za kukaushia nyama kwa moshi, vyote kwa kufuata walichochimba wanaakiolojia. Ukisimama pale unaona jinsi palivyo karibu, bibi akikaa barazani anasikia mtoto wao akilia. Makaburi yao hayana majina, ni mawe ya kawaida na mashimo shimo ardhini pale udongo ulipotitia. Makaburi ya akina Madison yana nguzo ya mawe. Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha George Gilmore, alizaliwa mtumwa hapo hapo Montpelier, akaja kujenga chake baada ya uhuru, 1873. Mtu wa pwani mwaka huo haupiti hivi hivi, ndio mwaka Sultani Barghash alitia saini ya kufunga soko la watumwa la Mkunazini, Unguja. Na kuna stesheni ya treni ya akina du Pont ya 1910 ambayo wameirudisha ilivyokuwa, na milango miwili, weupe huku, weusi kule. Mwanangu wa kiume akauliza sisi tungepita wapi. Mjomba wake akamwonyesha kwa kidevu.

Sasa niseme kwa nini nimetoa nyota nyingi, maana kuandika majina ukutani ni rahisi, hata mwenye hatia anaweza. Vizazi vya wale watumwa, vitukuu na vilembwe na vining'ina, wana kamati yao, na mwezi Juni 2021 bodi ya Montpelier ilikubali kwamba watagawana nao madaraka nusu kwa nusu. Sio washauri, sio wageni wa heshima wa kukata utepe, nusu ya viti. Kumbe wengine moyoni hawakutaka. Machi 2022 bodi ikageuka, ikaiondolea kamati haki yake ya kuteua, na Aprili wafanyakazi wakubwa waliosema hapana wakafukuzwa. Ikawa kelele nchi nzima, mpaka lile shirika la taifa linalomiliki nyumba likawageukia. Mei hiyo hiyo bodi ikasalimu amri, ikachagua wajumbe wapya 11 kutoka orodha ya kamati, mkurugenzi akaondoka, na mmoja wa waliofukuzwa akarudishwa kukaimu nafasi yake. Kwangu mimi nyumba imehifadhiwa siku ile, sio 2008.

Nimeshaenda nyumba nyingine ya rais, siitaji, nilisikia "watumishi" mara tatu na "mtumwa" hata moja hakuna. Hapa hawakwepi.

Na hili ni letu. Kwetu pwani ukimwambia mtu babu yako alikuwa mtumwa umemtukana, mnaweza mkashikana mashati. Mkunazini tuna zile sanamu na minyororo, watalii wanapiga picha, lakini mjukuu wao nani? Hakuna anayenyoosha mkono. Kila mtu babu yake alikuja na jahazi kutoka Arabuni, sasa wale maelfu waliokuja kwa miguu kutoka bara walizaa nani? Hawa wa Virginia wamelichukua lile lile jina la aibu wakaenda nalo mpaka kwenye meza ya bodi wakavuta viti.

Nusu nyota nimeipunguza kwa sababu ya kusoma, maandishi ni mengi na yote kiingereza kigumu, kama unakwenda na mzazi wako jiandae kuwa mkalimani siku nzima. Vaeni viatu vya kutembea, makaburi na kibanda cha Gilmore ni mwendo, sisi tulipeleka ndala tukajuta. Chakula tulibeba chapati na maharage, tukala chini ya mti. Tiketi angalieni kwenye tovuti yao kabla ya kutoka, na msifike mchana kama sisi, siku nzima haitoshi.

Autileti tulikuta wamefunga. Shemeji hata hakulalamika. Kwenye gari alikuwa kimya, halafu tukiwa tumeshafika Manassas akamtumia mama yake voisi, akimuuliza yule bibi wa kwao Pangani ambaye huwa hazungumzwi, alitokea wapi hasa na jina lake la kwanza lilikuwa nani. Kule ilikuwa usiku wa manane. Mama mkwe alijibu asubuhi yake, sekunde nne tu: "Kwani huko mmelishwa nini?"