Kamba mpya ya winchi ya nanga: ya kusokotwa au ya kusukwa?

Zote mbili ni nailoni, na zote huvutika vizuri chombo kinapopigwa na mawimbi. Tofauti iko kwenye umbo. Ya kusokotwa ina mapote matatu, yaani nyuzi nene zilizopindwa pamoja. Ya kusukwa ina manane, yanayokwenda mawilimawili.

Kwa bei, ya kusokotwa ndiyo nafuu. Pia ni rahisi kuiunga na mnyororo: unafumua mapote, unayapitisha kwenye pete ya mwisho, kisha unayarudisha ndani ya kamba yenyewe. Ya kusukwa inataka subira zaidi, maana ukikosea jozi moja unafumua upya.

Lakini ishike kamba ya kusokotwa iliyokaa miaka kadhaa na chumvi. Imekakamaa kama fimbo. Winchi inapoivuta inajipinda, na ndani ya sanduku la nanga inasimama badala ya kulala, mpaka inaziba tundu la kuingilia. Hapo utalazimika kwenda omo, mbele ya chombo, kuisukuma kwa mkono, pengine usiku upepo ukivuma. Ya kusukwa hubaki laini, hujilaza yenyewe na haijipindi. Kwa winchi, mimi nachagua hiyo bila kusita.

Ukibaki na ya kusokotwa, epuka iliyosokotwa kwa ulegevu. Inaweza kuteleza kwenye gurudumu la winchi linaloishika kamba. Na yoyote utakayochukua, soma kwanza kipimo kilichoandikwa kwenye maelezo ya winchi. Gurudumu la kamba ya milimita 12 halitaishika vizuri kamba ya 14, hata iwe imara kiasi gani.