The Shadow King: kitabu kizima bila alama za usemi, kwani ni kwa nini??

Watu wangu sasa, mko poa? Leo sina utangulizi mrefu. Hiki hapa, The Shadow King cha Maaza Mengiste, kilitoka 2019, kikafika orodha fupi ya tuzo ya Booker 2020, Waitaliano wanavamia Ethiopia 1935, wanawake wanaingia vitani, hayo nilishasema video iliyopita. Kuna kitu nataka muone ndani.

Wacha nisogeze kamera. Mnaona huu ukurasa? Hapa watu wanaongea, wanajibizana, na hakuna alama ya usemi hata moja. Kitabu kizima hivyo! Sisi tuliosomea hapa Kenya tunakumbuka insha, ukisahau kufungua na kufunga usemi mwalimu anakupaka wino mwekundu mpaka chini ya karatasi.

Ngoja niwaandikie mfano wangu mwenyewe, si wa kitabu, muone venye inakuwa. "Lete maji mama akasema hakuna maji yako wapi niliyachota asubuhi nani ameyamwaga." Haya, nani ameuliza na nani amejibu? Na hiyo ya mwisho, nani ameyamwaga, imesemwa kwa sauti ama ni msichana anaiwaza tu kichwani juu anaogopa kuchapwa? Hujui. Unarudi juu unasoma tena, unarudi tena, na hapo umeshuka matatu umesimama steji kumejaa kelele. Kurasa kama 50 za kwanza nilikasirika hadi nikakitupa kitandani.

Na si mimi pekee. Kwa kikundi chetu cha kusoma tuko tisa na wanne hawakumaliza, wote sababu ni hiyo. Mmoja akaniambia heri Half of a Yellow Sun ya Chimamanda, ile ya vita vya Biafra kule Nigeria, angalau unajua nani anasema nini. Ni ukweli, ile inateleza. Jumamosi asubuhi ningewaambia msinunue hiki.

Sasa Jumamosi hiyo hiyo jioni stima zikapotea. Niko kwa shosho, akaniambia nimsomee, nikawasha tochi ya simu nikaanza kumsomea kwa sauti, ile ya kutafsiri nikienda, na jameni nikashangaa. Ukisoma kwa sauti huhitaji alama, mdomo wako unajua wenyewe nani anaongea. Halafu nikafikiria Hirut. Hirut ni yatima, ni msichana wa kazi kwa nyumba ya Kidane na mkewe Aster. Msichana wa kazi kwa nyumba ya watu, ni mangapi anayasema na ni mangapi anayameza? Kwake yote yanakaa mahali pamoja. Rudini kwa mfano wangu wa maji muuangalie tena. Kwa hivyo ile hasira yangu imepungua, haijaisha, lakini imepungua sana.

Kitu bado kinanichoma ni Kidane. Wanaume wawili kwa kikundi walisema ni shujaa, anaongoza jeshi dhidi ya watu wanaomwaga gesi ya sumu. Sawa, anapigana. Lakini huyo huyo anambaka Hirut, na Hirut ni mpiganaji wa upande wake! Adui ako mbele na mwingine ako kwa kambi yake. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mimi siwezi kumwita shujaa, pole.

Aster naye sijui niseme nini. Anamchapa Hirut vibaya, mama amepoteza mtoto na uchungu wote anaumalizia kwa huyu msichana, halafu unageuza kurasa unampata amevaa joho la mumewe anaita wanawake waje vitani. Nilimchukia, nikampenda, nikamchukia tena.

Na mfalme mwenyewe? Haile Selassie aliondoka Mei 1936, akaishi uhamishoni Bath, Uingereza. Sasa kwa kitabu, huku nyuma Ethiopia, Hirut anaona mwanamuziki mmoja, Minim, anafanana na mfalme, wanamvalisha, watu wapate nguvu ya kuendelea kupigana, na walinzi wake ni Hirut na Aster. Sisi hapa Nairobi tunapita barabara ya Haile Selassie kila siku, na mimi hadithi za wanawake wa vita hiyo sikuwahi kufunzwa darasani. Mwandishi mwenyewe alikuja kujua baadaye kwamba nyanya yake wa vizazi vitatu nyuma alienda vita hiyo na bunduki ya babake.

Bei: kipya mjini nilipata shilingi 1,850, changu nilitoa inama, wale wa vitabu vya mitumba kando ya barabara, pale Tom Mboya kwa 500, ukurasa mmoja umekunjika tu. Nunueni, lakini msomee mtu kwa sauti, tafadhali. Kuanzia mwezi ujao video ni Alhamisi, na nataka tuongee kuhusu Field Marshal Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau, na wanawake wa msituni, so sabskraibu usipitwe.

Shosho wakati wa Emagensi, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau, alikuwa msichana, alikuwa akipeleka chakula karibu na msitu usiku. Alinisikiliza masaa mawili kimya kabisa. Nilipofika pale Kidane anachukua bunduki ya Hirut, ile ya zamani aliyoachiwa na marehemu babake, akanishika mkono. Hakuuliza mfalme alirudi lini, hakuuliza nani alishinda. Aliuliza, "Na bunduki ya mtoto, walimrudishia?" Nikamwambia shosho bado sijafika hapo. Akasema basi endelea, na tochi ilikuwa imebaki asilimia 6.