Gari dogo lisilochoka ukiwasha AC: lipi ununue kwanza, lipi mwisho

Anayetafuta gari dogo huuliza linakula mafuta kiasi gani, vipuri vinapatikana, na AC inapoza? Swali hilo la mwisho huachwa nusu. AC ya karibu kila gari dogo itapoza kama gesi inatosha na mfumo ni mzima. Cha kuuliza ni gari linabaki na nguvu gani baada ya kuiwasha. Hapo ndipo magari mawili yanayolingana kwenye karatasi huachana: moja linakwenda kama kawaida, jingine linashtuka, linatetemeka likisimama kwenye taa, na dereva wake amezoea kuzima AC kila akiona mlima. AC ya kuzimwa kila kwenye mlima ni AC uliyoilipia bure.

Kwa hiyo hapa nimeyapanga magari madogo kwa kigezo kimoja: nguvu inayobaki injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, na jinsi kompresa, pampu inayosukuma gesi ya AC, inavyoingia kazini. Uzuri wa gari na ukubwa wa buti nimeviacha.

Nguvu inapokwenda

Katika gari la kawaida, kompresa ya AC huzungushwa na injini kwa mkanda. Ya gari dogo huchukua kama nguvu za farasi 2 hadi 5, kutegemea joto la nje, kasi ya injini na ubaridi unaoutaka. Ukisikia kwamba injini ya lita 1.0 ya Toyota Vitz ina farasi 70 hivi, utasema 3 kati ya 70 si kitu. Lakini farasi hao 70 hupatikana karibu na mizunguko 6,000 kwa dakika, na hakuna anayeendesha hivyo kwenye foleni. Ukiondoka kwenye taa uko kama 1,500. Tuseme injini hiyo inatoa nyutonmita 80 hapo, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Zidisha 80 kwa 1,500, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati 12 na nusu, yaani farasi 17, tena umekanyaga mafuta hadi chini. Toa 3 kwenye 17: zaidi ya sehemu moja kati ya sita imekwenda kwenye kupoza hewa. Mguu wako lazima uhisi.

Ongeza mwinuko. Injini isiyo na turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Anayeishi kwenye nyanda za juu anaanza na farasi 14 au 15 pale ambapo mwenzake wa pwani ana 17, kisha kompresa inakuja kudai chake.

Jambo la pili ni namna kompresa inavyoingia. Ile rahisi, inayopatikana kwenye magari mengi madogo ya zamani, ina klachi ya sumaku: inashika yote au inaachia yote. Ndiyo sababu ya ule mshtuko mdogo unaosikika kila baada ya muda, gari likisita kidogo halafu likipata nguvu tena bila wewe kugusa chochote. Aina ya pili hubadilisha urefu wa safari ya pistoni zake za ndani, ikafanya kazi kidogo au nyingi kadiri ya joto, na dereva hasikii kitu. Aina ya tatu haina mkanda kabisa. Ina mota yake ya umeme. Ukiweza kujua gari lina aina gani kati ya hizi tatu, umeshajua nusu ya tabia yake.

Kuhusu mafuta, Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba kwenye joto kali AC inaweza kupunguza umbali unaotembea kwa mafuta yaleyale kwa zaidi ya asilimia 25, hasa kwenye safari fupi. Safari fupi huumia zaidi kwa sababu kompresa hufanya kazi ngumu mwanzoni, gari likiwa bado ni tanuri. Fungua vioo dakika ya kwanza joto litoke, kisha funga, washa, na uweke kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kupoza hewa ambayo tayari ni baridi ni kazi ndogo kuliko kuanza upya na ya nje kila mara.

Nafasi ya kwanza: kompresa ya umeme

Haibridi kamili, yaani magari ya mafuta yenye pia mota ya umeme inayoweza kuyasukuma peke yake, na magari ya umeme ndiyo yanayoongoza, na yameyaacha mengine mbali. Toyota walianza kuweka kompresa ya umeme kwenye Prius ya kizazi cha pili mwaka 2003, na Aqua iliyotoka mwishoni mwa 2011 ikaleta mfumo huo kwenye gari dogo. Ukisimama, injini inazima na ubaridi unaendelea. Ukiondoka, mota ya umeme inasukuma tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na hakuna mkanda unaoivuta injini nyuma. Nissan Note e-Power ya mwaka 2016 inakwenda mbali zaidi: magurudumu yanaendeshwa na mota ya kilowati 80 peke yake, na injini ya lita 1.2 kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Kuwasha AC ndani ya gari la namna hii hakubadilishi chochote unachohisi mguuni. Unachoweza kugundua ni injini kuwaka mara nyingi zaidi kwenye foleni ya mchana, kwa sababu betri inalisha ubaridi.

Kwenye gari la umeme tupu hali ni hiyohiyo kwa upande wa nguvu, ila bei yake unailipa kwenye umbali. Kwenye foleni ndefu ya jua kali, AC inakula betri hata kama gari halisogei.

Sasa maonyo, na haya nayachukulia kwa uzito. La kwanza, neno haibridi lililobandikwa nyuma ya gari si ushahidi. Haibridi nyepesi nyingi, zikiwemo za Suzuki zenye mota ndogo ya kusaidia injini, bado zina kompresa ya mkanda. Injini ikizima kwenye taa, kompresa nayo imesimama, na unabaki na feni. Fungua boneti utazame kama kuna mkanda unaoelekea kwenye kompresa.

La pili, kwenye Aqua na Prius betri kubwa hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. AC mbovu, au begi lililoziba tundu hilo, ni joto kwenye betri ghali kuliko kitu kingine chochote ndani ya gari hilo. Kwa hiyo haibridi iliyotumika ambayo AC yake haipozi si gari la kupunguziwa bei kidogo kisha ukanunua. Iache, isipokuwa umeipima betri.

La tatu ni oili. Kompresa ya umeme inahitaji oili isiyopitisha umeme, na kwa nyingi za kampuni ya Denso ni ile iitwayo ND-11. Fundi akitia oili ya kawaida ya PAG iliyobaki kwenye mashine yake ya gesi, anaharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa. Muulize kabla hajafungua chupa.

Nafasi ya pili: lita 1.0 yenye turbo

Injini ndogo ya silinda tatu yenye turbo ni dawa halisi ya tatizo hili. Ford walipoitoa ya lita 1.0 mwaka 2012, ilikuwa na nyutonmita 170 kuanzia mizunguko 1,400. Ni mara mbili ya ile injini ya mfano wetu, palepale ambapo AC huuma. Faida nyingine ni kwa wa nyanda za juu, kwa sababu turbo husukuma hewa ndani na hasara ya mwinuko inapungua sana.

Haikupata nafasi ya kwanza kwa sababu chini ya mizunguko hiyo 1,400, kabla turbo haijaamka, bado ni lita 1.0 tupu. Kwenye foleni ya kusogea hatua kwa hatua utaona uzito kidogo. Pia inadai oili sahihi na ya kubadilishwa kwa wakati. Ukinunua iliyotumika bila kumbukumbu za matengenezo, faida yote hiyo inaweza kuishia kwa fundi.

Nafasi ya tatu: lita 1.3 hadi 1.5 bila turbo

Wanunuzi wengi wataishia hapa, na si mahali pabaya. Vitz ya 1.3, Honda Fit, Mazda Demio: zote zina nguvu ya kutosha kubeba watu wanne na AC bila ugomvi, fundi yeyote anazijua, na hakuna betri kubwa ya kukutia wasiwasi. Kama huwezi kuthibitisha hali ya betri ya haibridi, mimi ningekushauri uanzie hapa na usijute.

Zaidi ya injini, gia ndizo zitakazoamua. CVT nzuri, yaani otomatiki isiyo na gia za ngazi, hupandisha mizunguko kidogo kompresa inapoingia, na gari linateleza tu. Otomatiki ya zamani ya gia nne ina mapengo makubwa kati ya gia. Kwenye mlima wenye AC huhangaika kati ya ya pili na ya tatu. Gia za mkono zinakupa uamuzi wewe mwenyewe, na kwa injini ndogo hilo ni jambo kubwa: unakaa gia ya pili hadi kileleni. Zile gia za mkono zinazobadilishwa na kompyuta, zenye klachi moja, nisingezichukua kwa foleni ya jua kali. Kusogea kwake polepole tayari ni kwa kusitasita, na kompresa ya kushika na kuachia inaongeza.

Nafasi ya nne: lita 1.0 na 1.2, silinda tatu bila turbo

Vitz ya 1.0, Passo, Nissan March ya 1.2. Kwa mtu mmoja au wawili, mji tambarare, zinatosha. Watu watano, mizigo, mlima na AC kwa pamoja ni kuzionea. Kwa tabia yake silinda tatu hutikisika zaidi ya nne, na AC ikiwaka gari limesimama mtikisiko huo unaweza kufika kwenye usukani. Kati ya hizi ningechukua yenye CVT au gia za mkono, na ya 1.2 kabla ya 1.0.

Nafasi ya tano: injini ya cc 660

Magari ya Kijapani ya daraja hili yamewekewa kikomo cha cc 660 tangu 1990, na watengenezaji wamekubaliana wasizidishe farasi 64. Yasiyo na turbo huwa na 50 hivi. Wepesi wake ndio unaoyaokoa. Lenye turbo linastahili kupanda hadi juu ya lile la 1.0 lisilo na turbo. Lisilo na turbo linunue kwa safari za karibu, ukijua kwamba kupita lori kwenye barabara kuu AC ikiwa inafanya kazi kunahitaji nafasi ndefu.

Lijaribu hivi kabla ya kulipa

Gari lililotumika linaweza kushuka daraja zima kwa ubovu mdogo, kwa hiyo orodha hii haikusamehe jaribio. Nenda mchana, jua likiwa juu. Injini ikishapata moto, iache kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, gari limesimama, AC imezimwa. Tazama mshale wa mizunguko, kisha washa AC. Unatakiwa kushuka kidogo na kurudi mara moja, mara nyingi juu kidogo ya ulipokuwa, kwa sababu kompyuta ya injini huongeza hewa kufidia mzigo. Ukishuka ukabaki chini, na gari likatetemeka, mara nyingi kosa ni kilango cha hewa kilichojaa masizi au maunti za injini, zile raba zinazoishikilia, zilizochoka. Vyote vinatengenezeka, tumia hilo kujadili bei.

Sikiliza kompresa inavyoshika na kuachia. Ikifanya hivyo kila baada ya sekunde chache, huenda gesi ni pungufu. Gesi iliyozidi nayo ni mbaya, na kondensa, ile rejeta ya AC inayotoa joto nje, iliyojaa tope pia, kwa sababu presha inapanda na kompresa inavuta injini kuliko inavyostahili. Watu huuza magari wakidhani injini imechoka, kumbe kondensa haijawahi kuoshwa. Kwa kuwa kondensa hukaa mbele ya rejeta, uchafu huohuo hupandisha pia joto la injini. Tazama mshale wa joto ukiwa mlimani.

Kisha panda mlima mwenyewe, watu wakiwa wamejaa kama utakavyowabeba, AC ikiwaka. Kanyaga mafuta hadi mwisho mara moja. Kwenye magari mengi kompyuta huikata kompresa kwa sekunde chache ili injini ipumue, nawe utahisi gari likivuta vizuri zaidi. Hiyo ni kazi nzuri ya kompyuta, usiidhanie ni ubovu.

Mwisho, soma kibandiko chini ya boneti kujua aina ya gesi. R134a ipo kwa mafundi wengi na ni nafuu. R1234yf, ambayo Ulaya imeyasukuma magari yote mapya kuelekea kwake tangu 2017, ni ghali zaidi na inahitaji mashine yake. Fundi wako wa AC aseme kama anayo kabla hujatia saini.